Kibodi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimetamani ardhi ipasuke inimeze. Hati ya kiapo ya mzee muuza magodoro niliichapa wiki iliyopita: "Nina watoto 9." Anao sita! Herufi vidole vyangu vinazijua vyenyewe, miaka ishirini na miwili ya kuchapa si mchezo. Namba lazima nizitazame — na siku hizi 6, 8 na 9 kwangu ni ukungu mtupu. Wakili, bosi wangu, akaipitia, akagonga muhuri, ikaenda. Mke wa mzee akaisoma. Kaja ofisini na wote sita, kawapanga mstari mbele ya meza yangu, anauliza hao watatu wengine wako kwa nani. Mzee sasa analala dukani. Angalau magodoro anayo.

Wakili hakufoka. Kasema tu, kosa moja tena na atatafuta mtu mwenye macho. Nikasingizia uchovu. Akijua ukweli, nimekwisha.

Jumanne, 4 Juni
Daktari wa macho kasema miwani imefika mwisho, sasa nikuze maandishi. Hata humu naandika kwa kalamu nene. Maneno manne, mstari umejaa!

Jumatano, 5 Juni
Duka la kompyuta. Nimedai natafuta kibodi ya mama mkwe, haoni vizuri. Mungu anisamehe — mama mkwe huona hadi vumbi la nyuma ya kabati langu.

Muuzaji kaleta ya kwanza: herufi kubwa, lakini za kijivu juu ya weusi. Kubwa za nini basi! Ya pili inawaka taa rangi zote, kichwa kikaniuma. Ya tatu vitufe vya njano, herufi nyeusi nene, chini springi, ukibonyeza, tak! Nikaiona 6. Nikaiona 9. Nilikaribia kulia pale pale. Nikauliza kama ipo isiyolia. Ipo, ila herufi zake sisimizi.

Nikajaribu kidogo, vidole vikakimbia. Muuzaji kasema mama mkwe ana bahati, kapata wa kumchapia. Nimelipa upesi nikaondoka.

Ijumaa, 7 Juni
Asubuhi nimeifunika kwa faili, mikono chini yake, nachapa kama mwizi wa sukari. Tak tak tak! Wakili akatoka chumbani kwake, akainua faili. Akauliza ya nani. Ya mama mkwe, nikasema. Akafunga mlango.

"Hebu inuka kidogo, mama."

Kakaa kitini kwangu. Kabonyeza 6. Kabonyeza 9. Anacheka peke yake! Nusu saa sasa, hainuki. Ndipo nikakumbuka — ile hati ya watoto tisa ilipita mbele ya macho yake kabla ya muhuri!

Naandika nimesimama kando ya kabati. Hati mpya ya muuza magodoro, ya kusahihisha ile ya tisa, kaimalizia yeye, kwa kidole kimoja, na imeshatoka kwenye printa. Mke wa muuza magodoro kaja kuichukua, yuko mlangoni na watoto wake, anabisha hodi. Wakili ananong'ona nimsomee, ni sita au tisa? Nimeipeleka dirishani. Mimi naona sita. Kaichukua yeye. Anasema nane. Hodi ya tatu hiyo —