Chumba cha Kadzo Juu ya Nyumba za Kale

Mishomoroni, Kisauni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama, na Bwana asifiwe. Mguu waendeleaje, bado wakuuma asubuhi ukiinuka? Na mvua imefika huko Marafa, au imeishia njiani kama mwaka jana? Sisi tu wazima. Mkweo Karisa anakwenda kazini Changamwe, na mimi bado nauza mahamri pale pale njiani. Kadzo wangu je, anakula? Nasikia siku hizi hataki kunyolewa. Mwacheni, nitamsuka mwenyewe.

Sidi mdogo wangu, wewe ndiwe utakayesoma. Soma polepole, na palipo na kicheko usiruke.

Mama, kaka Kazungu alipotoka kututembelea alikwambia tunajenga juu ya makaburi, ndipo ukasema Kadzo haji, mjukuu wako hatalala juu ya wafu. Sikukasirika. Ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo. Ila Kazungu aliondoka tukiwa bado na hofu, yaliyofuata hakuyaona. Nilijaribu kukueleza kwa simu ukanikatia, ndiyo maana naandika.

Ilikuwa hivi. Tulitaka kuongeza chumba cha Kadzo nyuma ya nyumba yetu ya udongo, tukijenge kwa bloku. Karisa akachimba msingi upande wa baharini. Jembe likagonga jiwe bapa, limepakwa chokaa likawa laini. Kufukua kidogo, ukatokea ukingo mrefu kama wa kaburi. Karisa akatupa jembe. Wamjua, kanisani ni mwimbaji, lakini siku ile alikwenda kutafuta tembo la mnazi akalimwaga pale chini akisema, "Koma, mizimu ya wazee, tulieni, hatukujua." Mimi nikamwita mchungaji, akamwombea marehemu mpaka jasho likamtoka. Na jirani yetu Bi Zuhura, mama wa Kiislamu mtu mzima, akasema mwenye kaburi huenda ni wa kwao, akaja na chetezo akafukiza udi, akasoma dua. Hata redio hatukuwasha. Hapo ndipo Kazungu alipopanda gari kuja kwenu na habari zake.

Baadaye Karisa akaenda kwa chifu, maana twaambiwa vitu vya kale havifichwi. Akaletwa bwana mmoja wa makumbusho, mpole, akapiga magoti akapangusa lile jiwe kwa brashi kama mtu anayemwosha mtoto uso. Jiwe likatokea lote, na katikati lina tundu.

Bi Zuhura akainama, akatazama, akajishika kiuno.

"Wallahi, Dama, mwanangu, hiki twalikuwa nacho kwetu Mji wa Kale! Tumekifukizia choo udi!"

"Choo gani, bibi?" akauliza Karisa.

"Choo, mwanangu. Cha kuchutama. Nawe ukakinywesha tembo!"

Yule bwana akacheka mpaka akakaa chini. Akasema ni kweli, ilikuwa nyumba ya watu wenye uwezo, na pembeni ni birika lao la maji ya kuogea. Nikampigia mchungaji. Akasema, "Haidhuru, Mama Kadzo, na choo nacho chahitaji amani."

Mama, kwa hivyo si kaburi. Tumetafuta kote palipochimbwa, hakuna mfupa wa mtu.

Sasa nikwambie yule bwana alivyotuonyesha, maana mimi hapa nimekaa nikidhani ni pori tu lililokatwa likajengwa mabati. Alikata ukingo wa shimo ukasimama wima, nikaona udongo umelala tabaka tabaka. Juu kabisa ni sisi: mabati ya kutu, kandambili, udongo wa ukuta wetu. Chini yake, vigae vyekundu vilivyotoka Bara Hindi, na chupa nene za enzi za Wazungu. Chini tena, ukuta wa shamba la minazi la wakati wa Waarabu, umejengwa ovyo kwa mawe waliyoyang'oa kwenye nyumba ya zamani zaidi. Ndipo nyumba yenyewe ya Waswahili wa kale: mawe ya matumbawe yaliyochongwa vizuri, kidaka ukutani cha kuwekea taa, na vipande vya bakuli la rangi ya samawati lililotoka Uchina. Kila aliyekuja aliokota kwa aliyeondoka. Hata sisi, Karisa alikwisha kuyapanga yale mawe kando ayatie msingini mwetu! Akaambiwa ayarudishe.

Nikamuuliza, "Na chini ya hapo?" Akanionyesha tabaka jembamba lenye jivu. Hakuna jiwe, ni nyumba ya miti na udongo kama yetu. Akatoa kipande cha chungu, kina masizi, na shingoni kimechorwa mistari ya mshazari, inapishana.

Mama, nilikitambua. Wewe huchora hivyo hivyo kwa kijiti, chungu kikiwa kibichi, ukiwa umekipakata. Nikamwambia, "Hiki ni cha mama yangu." Hakunicheka. Akasema hawezi kuapa ni cha nani, lakini vyungu hivi vilifinyangwa pwani hii kabla ya nyumba za mawe, na mikono haikukatika tangu hapo. Alikitia kwenye mfuko akaondoka nacho. Ningekuwa na uwezo ningekuletea.

Tangu siku hiyo siogopi. Naona hapa watu wamepika, wameosha watoto, wamegombana na waume zao, zamu kwa zamu. Hii sasa ni zamu yangu, nami mtoto wangu hayupo.

Ile nyumba ya kale tumekatazwa kuibomoa, tukaifukia kwa mchanga, tukasogeza ukuta wetu. Chumba cha Kadzo kimepungua, lakini kitanda chaingia, nimepima kwa kamba. Paa tayari.

Sitamchukua kwa nguvu, mama. Umemlea wakati sisi tunalala penye kuvuja, siwezi kukupokonya. Naomba umlete wewe. Uingie kwanza peke yako, ukae humo, ulale hata usiku mmoja. Ukisema hapakaliki, utarudi naye, nami sitatia neno.

Nisalimie baba, na shangazi anayekusaidia kuchota maji, na mama mkuu wa kwaya. Kazungu mwambie Bi Zuhura anamngoja, ana maneno naye. Kadzo mbusu shingoni, hapo hucheka.

Mlango wa kile chumba Karisa ameshauleta, umeegemezwa ukutani. Nimemkataza kuutia. Nataka mama yangu aingie bila kupiga hodi.

Mwanao akupendaye,
Dama, Mama Kadzo