Povu Mikononi mwa Mama Mdogo

Korogwe, shamba la mkonge

Pacha wangu Doto,

Mwangaluka. Mguu umepona? Ng'ombe wanapata majani? Sisi huku mhola, wazima. Barua hii naiandika mwenyewe, sikuandikiwa. Kwenye kisomo cha watu wazima nawashinda hata wanaume. Na mwanangu Kabula yuko kidato cha sita, anasoma kemia. Msichana wa kwetu Bukundi, Doto. Watambie hapo kijijini.

Sasa nikuambie kinachoniuma. Jirani yenu Masanja amekuja huku kukata mkonge. Anasema ndama walipokufa uliwakusanya watu, ukawamwagia mikononi ile dawa ya vidonda niliyokuachia nilipokuja likizo. Ukasema, "Atakayetoa povu ndiye mchawi." Povu likatoka mikononi mwa mama mdogo Minza, aliyetulea mama yetu alipofariki. Wakamfukuza. Kiwanja alichogawiwa pale kisimani, mlipohamia kijiji cha ujamaa, sasa unakilima wewe.

Nilimweleza Kabula. Akacheka, kisha akauona uso wangu, akaacha.

"Mama, bibi alikuwa anafanya nini siku hiyo?"

"Walimtoa kwenye kukata viazi vya kukausha, michembe."

"Basi ni viazi. Utomvu wa viazi vibichi una kitu kama kilicho kwenye damu, kina chuma ndani yake. Ile dawa ni haidrojeni peroksaidi. Chembe zake mbili zinafanana kama wewe na mjomba. Kitu hicho kinachukua elektroni kwa moja, kinaipa nyingine. Iliyotoa inakuwa hewa, ndiyo povu. Iliyopokea inakuwa maji. Hata mikono yangu ingetoa povu."

Mapacha wawili, mmoja anatoa, mwenzake anapokea. Hayo nayajua tangu utotoni, Doto, na sikuwahi kulalamika.

Lakini wewe hukuhitaji kemia. Mguu wako nilikuosha mimi kwa dawa hiyohiyo, povu likajaa, ukaogopa, nikakuambia kidonda chochote hufanya hivyo. Ulijua. Kama povu ni uchawi, mguu wako ulikuwa mchawi wa kwanza.

Shule ikifunga nakuja na Kabula, na chupa nyingine. Nitampitia mama mdogo Kiloleli alikojificha. Utakata viazi mbele ya watu walewale, nami nitakumwagia mikononi. Kisha utachukua jembe lako utoke kisimani kwake.

Msalimie wifi yangu, mkeo, yeye simlaumu. Msalimie na balozi wa nyumba kumi, umwambie asisafiri kabla sijafika, awe shahidi.

Ni mimi niliyekutangulia kuzaliwa,
Kulwa, mama Kabula