Mama Mkwe na Tope la Filta

Jumatatu, 3 Machi

Zamu ya sponji. Nimezima pampu, nimechota maji ya tangi la samaki kwa beseni, nimeikamua sponji humo humo. Tope la kahawia, zito kama uji wa wimbi. Harufu ya mtaro. Kazi hii naifanya tangu ninunue tangi na bado naziba pua. Sijazoea.

Mawe ya filta sijayagusa. Sponji na mawe haviguswi wiki moja. Tope hilo ndilo lenye vijidudu vinavyokula mkojo na mavi ya samaki. Ukiliosha lote, samaki wanaogelea ndani ya choo chao. Kwa hiyo nalichukia na nalitunza.

Mawe yanafanya kazi vizuri. Vijiwe vya kauri vya dukani havifiki huku Mutomo. Makaa ya jikoni nilijaribu mwaka jana, maji yakawa kama ya kuoshea sufuria. Haya meusi niliyaokota upande wa Kibwezi, mepesi, yana matundu kila mahali. Hayo matundu ndiyo nyumba za vijidudu.

Mama mkwe yuko hapa tangu Jumamosi. Ametoka Kasikeu kutolewa mtoto wa jicho hospitalini. Amekaa kimya na bandeji yake. Mgeni mwepesi.

Jumatano, 5 Machi

Bandeji ya mama mkwe imetolewa. Anaona. Kavata, mke wangu, alilia. Mimi pia nilifurahi, kusema kweli.

Kabla ya chai kupoa alikuwa ameona masizi ukutani. Halafu sufuria. Halafu buibui juu ya mlango. Mwishowe akasimama mbele ya tangi muda mrefu. Hakuniambia mimi. Alimwambia Kavata, nami nimeketi pale pale.

"Kile kitu cha kahawia ndani ya kisanduku ni nini? Mnakaa na uchafu sebuleni, mnakula chapati kando yake?"

Kavata akasema ni mambo ya Baba Mumo, yaani mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Jioni nimerudi kutoka agroveti, duka la dawa za mifugo. Tangi linang'aa. Kisanduku cha filta kinang'aa. Sponji imerudi njano kama siku niliyoinunua. Nimeinusa. Sabuni ya unga.

Nimekwenda jikoni kwa Kavata.

"Mama alikuwa anatusaidia," akasema. "Wiki nzima hajafanya kitu, mikono inamwasha."

"Mwambie asiiguse tena."

"Nimwambie nini? Kwamba mume wangu anafuga mavi?"

Mimi mwenyewe siwezi kumwambia. Kwetu mtu na mama mkwe wake wanapishana kwa heshima. Mkikutana mlangoni mmoja anageuka. Habari ya mvua, sawa. Habari ya mavi, hata ya samaki, haitoki mdomoni.

Nimesuuza sponji kwa maji ya mvua mpaka povu likaisha. Imekuwa safi na haina faida. Kinyaa changu leo kimegeuka. Nachukizwa na usafi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefungua kisanduku kuangalia mawe. Yamechemshwa. Kavata amekiri alimwona mama yake akiyachemsha kwenye sufuria ya maharagwe. Na yamepungua. Sijui mengine yako wapi.

Nimetoa theluthi ya maji, nimeongeza ya mvua. Ya kisima yana chumvi, ya mfereji yana dawa. Nimeacha kulisha, ili wachafue kidogo. Samaki wote sita wananifuata kwenye kioo wakidhani nimewasahau.

Jumapili, 9 Machi

Tumetoka kanisani. Nimeingia bafuni kuoga. Jiwe langu la filta liko juu ya ukuta mdogo, kando ya sabuni. Lina kitu cheupe ndani ya matundu. Nimelichukua nikalisogeza karibu na macho. Ngozi ya kisigino.

Nimelirudisha pale pale. Nimetapika kidogo kwenye shimo la maji. Nimeoga haraka.

Siwezi kuuliza. Kama kuna jambo baya kuliko kumtajia mama mkwe mavi, ni kumtajia miguu yake akiwa anaoga. Jiwe ni lake sasa.

Samaki wako juu ya maji, midomo wazi.

Jumanne, 11 Machi

Samaki wa kwanza amekufa. Yule mwenye doa jeupe. Tumbo limevimba, jicho lina utando. Nimemtoa kwa kijiko ambacho sitakitumia tena kwa chakula.

Nzioka wa buchari, duka la nyama, alipita akaona.

"Baba Mumo, hao wengine tuwakaange kabla hawajaharibika."

"Toka hapa."

"Na limau niko nayo."

Nimempigia simu Kilonzo wa Matiliku, aliyenifundisha kufuga samaki hawa wa dhahabu. Alicheka mpaka nikataka kukata simu.

"Mama mkwe ameosha? Pole sana, ndugu. Sasa huyo utamfukuza vipi?"

Baada ya kucheka amesema la maana. Atakata nusu ya sponji yake ya zamani, ambayo haijaoshwa, ataituma kwa parseli ikiwa bado mbichi. Nikiitia ndani, vijidudu vitasambaa. Lakini isikauke, na isione sabuni hata tone.

Jumatano, 12 Machi

Kavata hatimaye amemwambia mama yake. Amemwambia hivi tu: "Yeye hapendi iguswe." Mama mkwe akaelewa kwamba naona aibu kwa sababu kazi yangu imefanywa na mgeni. Kwa hiyo ameifanya tena kwa siri. Safari hii na dawa ya kutoa madoa.

Sebule inanuka kama wodi. Wa pili amekufa kabla ya chakula cha mchana.

Nina hasira na Kavata. Nina hasira na hii heshima yetu inayomwacha mtu akae kimya huku akiharibiwa. Mimi mtu wa kidato cha nne, mwenye mdomo, naua samaki kwa adabu.

Ijumaa, 14 Machi

Parseli imefika. Mkebe wa mafuta ya kupikia, umefungwa kwa nailoni. Karani wa ofisi ya parseli alinipa kwa vidole viwili.

"Umetumiwa maiti?"

Nimefika nyumbani, nimeuweka mezani, nimetoka nje kuchota maji ya mvua. Nimerudi. Mama mkwe amefungua mkebe. Amejifunga leso puani. Beseni la sabuni liko miguuni pake na sponji ya Kilonzo iko mkononi, inadondosha tope jeusi sakafuni.

Nikasema, "Mama, usioshe."

Akasimama. Mimi nikaugeukia ukuta na kuuambia ukuta yote. Kwamba samaki wanakojoa na kunya ndani ya maji yao. Kwamba mkojo huo ni sumu. Kwamba ndani ya tope lile kuna vijidudu visivyoonekana, ndivyo vinavyoila hiyo sumu. Kwamba sabuni inaviua. Nikasema mkojo. Nikasema mavi. Sikupata maneno mengine. Kavata alikuwa mlangoni, mkono mdomoni.

Tope linadondoka.

"Kwa hiyo huu uchafu ndio unaosafisha," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimekuwa nikiwaua."

Nikaukwaruza ukuta kwa ukucha.

"Baba Mumo, mimi nimezaa saba na nimelala na mbuzi nyumba moja. Mavi yatanitisha? Ungesema."

Akaninyooshea sponji, mkono umenyooka, uso ameugeuza. Nikaipokea, nami nimegeuza uso. Ilikuwa na joto na ute. Nimeiingiza kwenye kisanduku, nikawasha pampu. Maji yakachafuka, nikayaacha.

Masikio yangu yanawaka mpaka sasa. Nimenawa mikono, nikanawa tena, harufu haitoki.

Jumapili, 16 Machi

Wa tatu amekufa. Yeye alikuwa ameumia tangu Jumatano. Nimemzika karibu na mchicha.

Mama mkwe anakula jikoni. Nikiingia anatoka. Sijui kama ni aibu yake au yangu. Kavata anasema nimesema vizuri. Halafu anakumbuka maneno yenyewe, anaanza kucheka, anakwenda nje.

Nabadilisha maji kidogo kidogo kila jioni. Chakula, punje chache. Stima ilipotea mchana, pampu ikazima, nikakaa nachovya kikombe na kumwaga, nachovya na kumwaga, ili maji yapate hewa. Nilipoinua macho nilimwona mama mkwe amesimama mlangoni. Aliondoka. Baadaye nilikuta ndoo ya maji ya mvua imewekwa karibu na tangi, imefunikwa kwa sahani.

Jumamosi, 22 Machi

Mawingu upande wa Makueni. Mama mkwe anarudi kesho Kasikeu kupanda mbegu. Amefunga mzigo tangu asubuhi.

Nilikuwa nasoma gazeti la juzi. Akasimama mlangoni, hakuingia. Akalitazama tangi kwa macho yake mapya.

"Wameshuka," akasema.

Nikageuka. Kweli. Watatu wote wako chini, wanachokora changarawe. Hakuna aliye juu anayetafuta hewa. Mimi nimekaa hapa asubuhi yote na sikuona.

"Ndiyo, mama. Wameshuka."

Akaenda zake jikoni.

Nimefungua kisanduku kuhakikisha. Sponji ya Kilonzo ni nyeusi. Ile ya njano imeanza kushika madoa ya kahawia pembeni. Nimepitisha kidole juu ya jiwe moja. Utelezi umerudi, mwembamba, kama mate ya konokono. Mwili ulinisisimka wote kwa kinyaa.

Nimefunga kifuniko.