Ubao wa Kutafutana

Jumatatu, 1 Machi 1999
Karatasi mpya tena asubuhi hii. Ubao wetu wa hapa gare, kituo cha treni, si mali ya mtu. Yeyote aliyepotezana na ndugu kwa sababu ya vita anaandika, anasahihisha, ananakili. Wafanyakazi wa treni wamepeleka nakala hadi Luena. Karatasi ya mke wangu iko chini ya herufi N: Ngoie Stéphanie, alikimbia Kabondo-Dianda kwa miguu. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Nimechoka kuambiwa nivumilie.

Jumatano, 3 Machi
Treni haikuja. Nimefunga dirisha la tiketi, nikakaa kuwatazama wasomaji. Aibu tupu. Pale juu, jicho linapoangukia kwanza, kuna salamu za kamati ya ubao, kanuni, na jina la mwenyekiti wake kwa herufi kubwa kuliko za waliopotea. Mama Zaina, muuza vitenge wa mbele ya gare, akanicheka, akinionyesha watu waliotazama na kupita: “Bantu banaangaria, banaenda. Njo vile kila siku.”

Alhamisi, 4 Machi
Mwenyekiti amekataa niupange ubao upya. Ati heshima. Namchukia.

Jumamosi, 6 Machi
Amekubali, kwa kununa. Salamu zake nimezishusha chini kabisa. Juu nimeweka mahali watu walikotoka, kila pahali na mchoro kwa wasiojua kusoma. Alfabeti nimeitupa, mimi niliyeipenda. Halafu nikaona ujinga wangu mwingine: njiani nani anaitwa jina la kitambulisho? Mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Nimeandika upya karatasi nilizoweza. Ya mke wangu pia: Mama Kyungu, Kabondo-Dianda, penye mchoro wa samaki, maana kwao ni kwa wavuvi. Kyungu ni binti yetu aliyeolewa Likasi.

Jumatatu, 8 Machi
Sasa wanakwenda moja kwa moja. Mzee mmoja amempata kaka yake. Nina furaha, na naiogopa.

Jumanne, 9 Machi
Mwanamke ameshuka treni ya Luena. Hakutangatanga. Alikwenda penye samaki, akasoma, akauliza Baba Kyungu ni nani. Nilipomwambia ni mimi, akasema:
“Tulikuwa na Mama Kyungu mu njia. Homa njo ilimuua. Tulimuzika ku Luena.”
Nakala ya Luena aliiona. Lakini jina Ngoie hakulijua; njiani walimwita Mama Kyungu tu.
Wiki zote hizo nilikuwa nimemweka chini ya N. Stéphanie wangu. Moyo umepasuka.

Jumatano, 10 Machi
Sikwenda kazini.

Ijumaa, 12 Machi
Nimeibandua karatasi yake, nikasimama nayo. Wanaotafutwa wana sehemu yao. Waliopatikana wana yao. Yeye sikumpangia pa kukaa. Mama Zaina aliniambia niende nayo nyumbani. Sikuweza. Nilichora mstari kwenye kona ya kulia iliyokuwa wazi, nikaibandika humo peke yake, nikaongeza chini: amezikwa Luena.
Nikaenda kula. Niliporudi, watu walikuwa wamebandika karatasi za wafu wao pembeni ya yake.