Utafiti Wako Umetufikia Mgeta

Mgeta, Morogoro
9 Juni 1996

Mpendwa mdogo wangu Anselmi,

Shikamoo uliyoituma kwenye barua ya Pasaka niliipokea. Marahaba, baba. Natumaini baridi ya huko Uholanzi haijakurudishia kile kifua. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama goti linamsumbua lakini kanisani anafika, watoto wa mdogo wetu Juliana wote wanasoma, na mimi dada yako nipo, naongezeka uzee na maneno.

Kabeji mwaka huu zimefunga vizuri, ila bei anapanga mwenye lori. Tangu ruzuku iondolewe, mbolea tunaiangalia tu dukani. Wanatuambia soko ni huria. Huria ya nani, sijui, maana mimi nikikataa bei ya mchuuzi, kabeji zinaniozea mikononi na yeye anakwenda kwa jirani.

Kabla sijakuudhi, nikuchekeshe kidogo. Alikuja binti mmoja wa chuo kuchunguza lishe, akapita nyumba kwa nyumba siku ya Ijumaa katikati ya Kwaresima, akiuliza watu wamekula nini wiki ile. Mwalimu wa shule alituonyesha alichoandika: watu wa Mgeta hawali nyama. Nguruwe wanamkoromea bandani, naye anaandika. Mwenzake wa udongo alichimba palipokuwa zizi la mbuzi la zamani, akasifu rutuba ya mlima mzima. Hakuna aliyewauliza wenyeji pale palikuwa na nini, wala kama siku zile ni za mfungo.

Hao tuliwacheka. Wewe hatukukucheka.

Unamkumbuka Castory, yule mwanafunzi uliyemwajiri akuulizie maswali ya utafiti wako. Ni kijana mwenye adabu, sina neno naye. Kwao Bukoba shamba la migomba ni la baba, na baba humwachia mwanawe. Alipofika kwa Juliana alikaribishwa vizuri, akakalishwa uani na mume wake, Agustino, na Juliana akawa pembeni anamenya viazi. Kijana akauliza kama ulivyomwagiza: shamba hili ni la nani? Agustino akajibu kwamba ni lake. Juliana akaendelea kumenya viazi.

Anselmi, wewe si mgeni wa mila hii. Ardhi ile ni ya ukoo wa mama, na mwanamume anayeoa kwetu analima kwa heshima ya mkewe. Lakini hakuna mke mwenye akili atakayeyasema hayo mbele ya mumewe na mgeni. Maneno "hapa ni kwetu" mwanamke wa huku huyatamka siku anayomfungia mume mzigo wake aondoke. Castory aliuliza nyumba zote vilevile, na nyumba zote wanawake walinyamaza vilevile. Nilipomlaumu Juliana alinijibu, "Dada, ningesema ni letu, mume wangu angelala wapi usiku ule?" Hata mimi ningenyamaza.

Kama angeuliza watoto wa nyumba ile watakuja kulima wapi wakikua, angejibiwa na wote wawili bila aibu. Nilikuandikia mapema kwamba swali lako halikai vizuri huku. Ukanijibu kwamba swali lazima liwe moja kila nchi, ndipo majibu yalinganishwe. Nikasema haya, msomi ni yeye.

Sasa sikiliza yaliyotufika. Ile taarifa fupi ya Kiswahili uliyokipelekea kijiji kwa heshima, Castory aliisoma kwenye mkutano mwezi uliopita. Ikasema kwamba mila ya ukoo wa mama imekwisha huku juu, na kwamba karibu mashamba yote ni mali ya wanaume. Wanaume wengine walitazama chini. Wanawake tulitazamana. Agustino peke yake ndiye aliyeinua kichwa.

Simchukii shemeji yetu. Tangu kiwanda alichokuwa akifanya kazi kiuzwe na wapunguzwe kazi, karudi kutoka mjini mtu mwingine kabisa. Hana kwa kwenda, na mwanamume aliyezoea mshahara anaona aibu kuomba tuta kwa mama mkwe. Wiki mbili baada ya mkutano akamleta mchuuzi wa Dar anayenunua karoti zetu, wakalipima shamba la chini, lile linalopata maji ya mfereji. Anataka kumwuzia ili anunue pikapu aanze biashara. Tulipomfuata kumkanya hakupandisha sauti. Alisema, "Miaka yote naitwa mkwe hapa. Mara moja tu nimeitwa mwenye shamba, na aliyeniita ni kaka yenu."

Tukaenda kwa mtendaji wa kijiji. Yeye naye si mtu wa huku, ameletwa na kazi. Kasema maneno ya wanawake wawili hawezi kuyaweka juu ya utafiti wa chuo kikuu, tena wa mwana wa ukoo huohuo. Kisha akasema, "Aliyeandika ndiye afute." Mchuuzi anarudi na fedha baada ya Sabasaba.

Kwa hiyo nakuomba, na leo sikuombi kama dada tu. Wewe ndiye mjomba wa watoto wale. Tangu mjomba Ignas afariki, hakuna mwanamume mwingine mwenye kauli juu ya ardhi hii. Usingoje barua, tuma telegramu kwa mtendaji, useme kwamba taarifa yako ilikosea na shamba lile haliuziki.

Najua ninachokuomba. Uliniandikia kwamba profesa wako amefurahi, kwamba jambo hili ndilo jipya katika kazi yako, na kwamba Agosti unaitetea mbele ya wakubwa ili upewe udaktari. Ukifuta huku, itabidi ufute na huko. Inaniuma, maana tuliuza mbuzi wote ili usome, na hatujajuta. Lakini Castory hakujua. Profesa wako hakujua. Wewe ulikula ugali wa shamba lile tangu unaota meno. Nina hasira nawe, Anselmi, na nakupenda, na usiku sipati usingizi kwa vyote viwili.

Juliana anakusalimu, ingawa amekonda na hasemi sana. Binti yake mkubwa, Magreth, anakusalimu na ameshika namba ya pili darasani. Padre na mwalimu wa shule wanakuulizia. Agustino naye kasema nikusalimu, na nimeona nisiifiche salamu yake.

Mama hatujamwambia lolote. Anakubariki kila anaposali. Juzi aliteremka na fimbo yake mpaka shamba la chini, akapalilia kaburi la mjomba Ignas, akarudi akaniagiza nikuandikie usiwe na wasiwasi ugenini: pale kando ya mjomba amekuachia nafasi yako, na amekataza mtu asipande kitu.

Mungu akulinde na akupe moyo wa kutenda.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Editha