Jani la Masale Kwenye Kofia ya Kimeksiko

Mama Hilaria, shikamoo. Naomba unishike mkono maana hapa nilipo sijui nicheke au nilie. Mchumba wangu Rogath anaongoza watalii mlimani, amekulia Morogoro na mila zetu hazijui, basi mwezi wa saba alipandisha mgeni kutoka Meksiko, na unajua wageni wakishuka huwaachia vijana nguo, huyu akamwachia aliyokuja nayo apigie picha kileleni, koti fupi jeusi la nakshi nyeupe, suruali ya kubana yenye vifungo vya fedha kutoka kiunoni hadi miguuni, na kofia pana ambayo hata tukiwa wawili mvua haitupati, akamwambia kwao bwana harusi huvaa hivyo, na kanisani wanandoa huzungushiwa kamba moja mabegani kuonyesha wamekuwa kitu kimoja, tangu hapo Rogath haambiliki, anashinda kwenye tamthilia za Kimeksiko za televisheni na anataka mimi nishone sketi pana ya riboni, nami nimekubali kwa sababu nampenda.

Siku ya kuja kujitambulisha alivaa vyote, mlangoni kofia ikakwama akaingia kiubavu kama aliyebeba meza, ila ubaya ni kwamba pale njiani aliona kofia haina pambo, akachuma jani la masale kwenye uzio wa baba akalichomeka mbele, na wewe unajua kwetu ukiingia kwa mtu na masale maana yake umekosa na umekuja kuomba msamaha. Baba mkubwa Primus akaweka kata ya pombe ya mbege chini akauliza, "Kijana, umekosa nini?" Rogath akacheka, "Sijakosa kitu mzee, ni urembo tu," basi shangazi zangu wakaangaliana, kisha wote wakaniangalia tumbo.

Sasa mama ananipikia mtori kila siku kama mzazi, na baba amesema hakuna harusi ya Desemba mpaka Rogath arudi na masale aombe msamaha, lakini akirudi nayo watasema kumbe ni kweli, na asiporudi ndoa hakuna. Nifanye nini?

Mektrida, Kibosho

Marahaba, Mektrida. Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini na mwenzangu ameshindwa kufanya kazi. Pole sana, lakini mengine umeyataka mwenyewe. Unamwachaje kijana wa Morogoro apite kwenye uzio wa masale peke yake? Ulikuwa unasuka nywele?

Tuanze na nguo. Baba yako asiiite kinyago. Suti ile ilianza na wapanda farasi waliochunga ng'ombe kwenye mashamba makubwa ya Meksiko, ikaja kuwa vazi la sherehe. Mtandio wa wanawake wa huko hutandwa kanisani na huo huo hubebewa mtoto, kama kitenge cha mama yako. Bibi zao walifuma mavazi yao kabla Mhispania hajafika, kama bibi zetu walivyovaa ngozi na shanga kabla mmisionari hajatuletea gauni. Hata shela jeupe halikuota kihambani kwenu kati ya migomba. Kwa hiyo avae, ila kanisani kofia aivue. Hiyo kamba muulizeni padri, na isiwe ya katani, wazee wasije wakadhani wameletewa mbuzi wawili wa kuchoma ndafu.

Sasa jani. Rogath arudi Jumamosi na shati la kawaida, kichwa wazi, masale mkononi, mshenga wake akiwa mbele. Kabla hajakaa alitaje kosa lake wazi, kwamba jani la msamaha alilifanya pambo kwa kutojua. Baba yako akiletewa masale kwa heshima hawezi kukataa, na analijua hilo kuliko mimi. Wewe siku hiyo kaa jikoni na usicheke.

Lakini binti yangu, barua yako nimeirudia mara ya pili. Umenieleza vifungo, riboni, mtori, hadi mlango. Hakuna mahali ulipoandika kwamba shangazi zako wamekosea. Kama wamekosea, jani moja linatosha. Kama hawakukosea, mwambie Rogath achume mawili, na harusi isingoje Desemba.