Baba, Ulisema Umepona

Baba yangu mpendwa, wewe uliyeniita Mama kwa kuwa nina jina la mama yako,

Kesho nitazungumza mbele ya hakimu kwa video, nikiwa jikoni kwangu hapa Black Rock, mbali na Louisville. Wakili anasema kesi yako ya kudai fidia serikalini imebaki na swali moja: miguu yako iliishiwa nguvu kwa sababu ya sindano ya chanjo ya mafua, au kwa sababu ya tumbo la kuhara? Nina wasiwasi, Baba. Aliyejua kunituliza ni wewe, na wewe hupo.

Unaikumbuka sindano yenyewe. Muuguzi alikuja kwenye ghala mlilofanyia kazi Okolona, huko Louisville, saa ya mapumziko, ukajiweka mbele ya mstari ili vijana waone aibu kuogopa. Jioni ukatuonyesha plasta begani kama medali. Siku chache baadaye nyayo zikaanza kukuchoma. Daktari hukumwambia. Uliwaambia wenzako wa chumba cha maombi cha Shively, maana kwetu ugonjwa hufika kwa Mungu kwanza: "Bandugu, munisaidie na maombi. Miguu inanichoma-choma."

Jumapili iliyofuata ukasimama mbele ya kanisa, ukashuhudia kwamba umepona. Nilipiga vigelegele pamoja na wengine. Ndivyo tulivyofundishwa: uponyaji unaupokea kwa imani, mwili utafuata. Na ulipokwenda kliniki kupima presha, ukamjibu daktari vivyo hivyo: "Miguu ilisumbua kidogo. Bon, nilishapona." Naye akaandika alichosikia.

Kisha ikaja harusi kule Columbus, ya mtoto wa dada yako. Nyama ya mbuzi ilituharisha karibu wote. Sisi tukapata nafuu, wewe miguu ikakataa kabisa, na hukutembea tena mpaka mapafu nayo yalipochoka. Sasa mtaalamu wa upande wa serikali anasema kuhara pia kunaweza kuleta ugonjwa huohuo wa neva, na kwamba madhara ya sindano, kama yalikuwepo, wewe mwenyewe ulisema yamekwisha. Simwoni mjinga. Wala sina ugomvi na chanjo. Nahudumia wazee, na mwaka huu pia nilikunja mkono wa shati nikachomwa, ingawa machozi yalinitoka. Fidia ingempumzisha mke wako kazi ya ghala, sikatai. Lakini mimi nataka pia kujua kilichokuchukua.

Nilimpigia Mama Furaha, aliyekushika mikono siku ile ya maombi, nikamwomba awe shahidi.

"Niende kumuambia juge kama mutumishi wa Mungu alidanganya?" akaniuliza. "Baba yako alisemaka amepona. Donc, alipona."

Nilikasirika, Baba, kisha nikaogopa, maana ameniuliza swali ninalolikimbia. Ili tushinde, lazima niseme mbele ya watu kwamba siku ile ya ushuhuda hukuwa umepona. Na wewe ulitufundisha kwamba njia ya mwongo ni fupi.

Ila najua nilichokiona. Siku ya harusi, kabla hatujaonja chochote, ulinishika bega kutoka kwenye gari mpaka mlango wa ukumbi. Ulikuwa mzito. Wewe uliyekuwa ukiongoza wachezaji kila harusi, ulisimama mara mbili kupumzika, ukanitania: "Mama, tembea polepole, batu batawaza nimelewa." Nilicheka. Ulipoketi hukuinuka tena, hata zawadi zilipokuwa zikipelekwa kwa ngoma. Mbuzi alikuwa bado jikoni.

Wakili anasema hilo litasaidia, lakini huenda lisitoshe. Kwamba hukupona si sawa na kusema sindano ndiyo iliyokuangusha. Hapo madaktari watavutana, na huenda tukashindwa. Mimi sina elimu ya kuwaamua. Nina bega tu, na nakumbuka uzito wa mkono wako.

Nitalisema hilo kesho. Mama Furaha asiponisalimia tena kanisani nikija Louisville, nitavumilia. Na hakimu akiniuliza kwa nini basi ulisema umepona, nitamjibu kwamba hukudanganya mtu. Ulikuwa bado unaomba.

Pumzika, Baba. Safari hii nitembee mimi, polepole, kama ulivyoniambia.

Binti yako, uliyemwita Mama